Mstari Mmoja wa Sura ya Tatu

Bweni la Watafiti,
Chumba cha mwisho, ghorofa ya juu.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo uwe umepunguza ukorofi wake. Bado unagombana na cherehani ile? Mimi mwilini sijambo. Moyoni, Shangazi, nimekwisha.

Tasnifu yangu imeanguka. Kila uliponiuliza ninasoma nini hasa, nilikuwa nakukwepa. Ninachunguza mafungu ya tarakimu yanayolinda ujumbe usiharibike njiani. Kila fungu lina mwenzake, na ukimtafuta mwenza wa huyo mwenza, nilidai utarudi daima pale ulipoanzia.

Ila katika hesabu zangu A mara B si sawa na B mara A. Hesabu za namna hiyo zipo, usinicheke! Kufua nguo kisha kuipiga pasi si sawa na kuipiga pasi kisha kuifua. Basi ukienda kwa kuzidisha upande wa kushoto, sharti urudi kwa upande wa kulia.

Sasa, mimi huwafundisha mwaka wa kwanza hesabu za kawaida, na huko nimezoea kuzipanga herufi, A itangulie B, ubao upendeze. Mkono ukazoea. Katika sura ya tatu palitakiwa BA, nikaandika AB. Unadhifu tu, Shangazi. Nikawa nimekwenda kwa kushoto na kurudi kwa kushoto, na sura zote zinazofuata zimeegemea mstari huo.

Mtahini aliuzungushia wino mwekundu. Msimamizi wangu, mzee mpole, alivua miwani akasema, "Binti, hata mimi niliupita bila kuona kosa." Upole wake ukaniuma kuliko wino.

Nimejaribu kurekebisha. Nikirudi kwa kulia inavyotakiwa, sifiki nilipotoka. Dai lenyewe ni la uongo, na mfano unaolivunja nimeupata mwenyewe. Muda wangu hapa unakwisha mwezi wa sita na hawaongezi.

Baba ameshaanza kuniita Daktari mbele ya majirani. Juzi mmoja wao alinipigia simu kuniuliza dawa ya jino. Nilicheka, nikakata simu, nikalia mpaka kichwa kikauma.

Nakuomba jambo moja. Nikija na sanduku langu tu, bila cheo, utanifungulia mlango? Nijibu, hata kwa neno moja.

Nisalimie Bibi, umwambie nakula. Nisalimie na wale mapacha wako watundu. Baba usimsalimie bado.

Mungu akutunze, akulaze salama.

Mwanao akupendaye, hata akiwa hivi,
Kitindamimba