Majina ya Watu wa Mangobo

Leiden, mvua na baridi

Yaya Zaina mupenzi,

Nimepata habari ya mujomba wetu, tonton Ramazani, kwamba askari walimupiga risasi mulangoni pake, yeye na bibi yake. Jana profesa alisimamisha darasa zima tuwanyamazie Wazungu waliouawa kwetu Kisangani. Nilisimama pia, maana nao walikuwa watu. Kisha nikauliza, "Na watu wetu weusi waliouawa kule kule, mutaani Mangobo?"

Akajibu kwa upole, "Majina yao hatuna."

"Mimi niko nayo," nikasema, nikaanza na tonton. Sikufika hata kwa bibi yake. Profesa alifungua kitabu na kusema tuendelee na somo.

Nilitoka peke yangu. Hakuna aliyenifuata.

Yaya, mama asitoke nje, nakuomba. Na munililie tonton kwa sauti kubwa, maana huku natakiwa kulia kimya.

Mudogo wako,
Saidi