Injini Inagonga

Mwenzangu, nimepigwa. Umri huu, mlangoni kwangu, na yule aliyenunua gari la mwanangu wa kiume lililofungwa turbo.

Injini ilimpasukia njiani. Akarudi na spana ya magurudumu, akanikaba koo: "Mzee tapeli wewe, umeniuzia chuma chakavu."

Nikamwambia sikuficha ubovu. Tangazo niliandika mwenyewe: "Injini inagonga." Kiswahili sanifu kabisa.

"Si ulikuwa unaisifia?" Akanishushia spana begani, mara mbili. Mfupa ulilia, nikausikia. Majirani wasingemwangusha, ya tatu ingekuwa ya kichwa.

Hospitalini nikampa binti yangu alisome lile tangazo, anitetee. Akacheka mpaka machozi.

"Baba, siku hizi kwa vijana kitu kikali ndicho kinachogonga. Hata mimi ningelinunua."