Pembe ya Bihogo Kwenye Chokaa Yangu

Ijumaa, Mfunguo Saba. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika wakati wa kwenda kusali. Sasa jua limechomoza kidogo na migomba inadondosha maji. Moyo wangu umejaa.

Leo ni siku ya ishirini na moja tangu nioe.

Daftari hili nilipewa nilipomaliza shule kule pwani, na mwalimu aliniusia niandike humo mambo ya maana. Basi mwalimu wangu, popote ulipo, mambo ya maana ni haya: mke wangu anaitwa Kokugonza, ni mchoraji, na wiki hii nusura nimharibie kazi yake kwa mapenzi.

Siku ya ndoa alipewa jina la Zuhura, na ni jina zuri. Lakini mimi bado namwita Kokugonza, kwa kuwa kinywa changu kinafurahi kulitamka.

Hapa Bweranyange hakuna asiyejua mkono wake. Alifundishwa na shangazi yake kuchanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, kukibandika ukutani kwa vidole mpaka mchoro uinuke kama mshipa, kisha kuupaka udongo mwekundu, mweupe na masizi. Alianza na chumba cha bibi yake. Baadaye akawa anaitwa mbali, hadi nyumba za karibu na kivuko cha Murongo, akirudi na mbuzi au mikungu ya ndizi. Mkubwa mmoja alitaka achorewe bunduki na bendera. Kokugonza alimchorea pembe za ng'ombe, kama anavyowachorea wote.

Pembe tu. Hachori mwili.

Nilimuuliza sababu kabla hatujaoana. Alisema alizaliwa karibu na mwaka wa sotoka, ugonjwa ulipomaliza ng'ombe wa nchi hii. Baba yake alikuwa na arobaini, hakubaki hata mmoja. Alipoanza kutembea, malishoni kulikuwa na pembe tupu zimetapakaa, naye akicheza katikati yake. Kila jioni baba alimtajia majina ya wale ng'ombe na namna pembe za kila mmoja zilivyokaa. Ng'ombe wenyewe hakuwaona kamwe. Lakini anawachora.

Baba mkwe sasa haoni. Huwasoma ng'ombe wake ukutani kwa vidole. Siku niliyokwenda kuposa hakuniuliza habari za duka langu. Aliniambia, "Mtu wa pwani, mwanangu akiacha kuchora, nitakuwa nimepoteza ng'ombe wangu mara mbili." Nikaapa kwamba hataacha.

Halafu, wiki iliyopita, nikapaka nyumba chokaa.

Nilitaka aishi kwenye nyumba nyeupe kama zile za kwetu. Niliagiza mizigo miwili kutoka Bukoba, wapagazi wakaileta kichwani, nikapaka kuta zote za ndani kwa mikono yangu huku nikiimba. Shangazi yake, aliyemleta na anayekaa naye siku hizi za uharusi ambazo bibi harusi hatoki nje, aliingia, akatazama, akaziba mdomo kwa kanga.

"Mkwe, humu anaishi mtu au mmezika mtu?"

Nilicheka. Kokugonza hakucheka. Alikaa kimya siku tatu, nami nikadhani amenichoka tayari. Nilimletea asali, nikamletea shanga. Alisema ahsante, akatazama ukuta.

Jumanne asubuhi nilimkuta anafagia vipande vya kinyesi vilivyokauka. Alikuwa amechora jana yake, na usiku karibu mchoro wote ulikuwa umeanguka sakafuni.

"Havishiki, bwana," alisema taratibu. "Vinataka udongo. Hapa vinateleza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba."

Nilitaka kulia. Na Ijumaa baba yake angekuja kuwasalimu ng'ombe wake! Nilichukua jembe nibandue chokaa yote. Akanishika mkono. Alisema imetoka mbali mno, na kwamba nguo zangu bado zina madoa yake.

Akarudi kukwangua vipande vilivyobaki kwa kisu cha kumenyea ndizi. Kisu kikateleza, kikaondoa chokaa, na chini yake ukatokea udongo wetu mwekundu, mstari mwembamba kama uzi. Akaupitisha kidole. Akaukata tena, kwa kina zaidi.

Siku tatu alikata ukuta tangu asubuhi hadi jioni, kwa furaha. Shangazi alinung'unika kwamba bibi harusi hafanyi kazi siku hizi, na kwamba kukwaruza ukuta ni kazi ya panya. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyemshikia kigoda.

Leo baba mkwe amefika, ameshikwa mkono na jirani. Nilimwambia shikamoo. Alinusa hewa.

"Nyumba yako inanuka chokaa, kama boma la Wadachi."

Kokugonza akamwongoza ukutani. Mzee alipapasa ukuta kama alivyozoea, akitafuta kilichoinuka, na hakukuta kitu. Uso wake ukasawijika. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu.

"Tata, si juu," Kokugonza alimwambia. "Ndani. Ingiza kidole."

Kidole kikaanguka kwenye mfereji. Kikapanda nao polepole, kikapinda, kikapanda tena, mpaka kwenye ncha ya kushoto inayoinamia chini. Kikasimama pale.

"Bihogo," alisema. "Aliipinda kwa kugombana na fahali." Akaendelea kupapasa, akakuta ukuta laini. "Na wengine?"

"Nimeanza na aliyekuwa akitangulia."

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Aliponigeukia, vidole vyake vilikuwa vyeupe. Akanipaka chokaa hiyo shavuni, akasema, "Mkwe, nipe maziwa."

Alhamdulillahi kwa mizigo miwili ya Bukoba. Alhamdulillahi kwa kisu kilichoteleza. Zaidi ya yote, kwa mwanamke aliyeninyamazia siku tatu ili asinikate wimbo. Lini nitajifunza kuuliza kabla ya kupaka?

Sijanawa shavu. Kuta bado zina nafasi ya thelathini na tisa, na kesho Kokugonza anaanza ng'ombe wa pili, Gaju.

Kisu nimeshakinoa.