Dakika za Kuosha Mashine

Alhamisi. Baridi imekaa Kawangware kama mgeni aliyekuja na godoro lake, nami tangu saa sita naiwaza karatasi niliyoandika mwenyewe.

Mimi hupima unga kwenye kisiagi cha Mama Njeri, hapa Kabiro. Mashine ni mbili. Ya mbele husaga mahindi. Ya nyuma, anayoiendesha Mama Awuor, husaga mengine yote: wimbi, mtama, muhogo, na omena, wale dagaa wa ziwani, za kutia kwenye uji wa watoto. Harufu ya omena ndiyo sababu iko nyuma.

Sikusomea biashara popote. Nilijifunza kwa video za simu jinsi ya kugeuza foleni kuwa hesabu. Wiki mbili nikaandika kila mteja: kafika saa ngapi, mzigo wake umesagwa dakika ngapi. Nyumbani nikawapanga kwenye sinia, punje moja ya mahindi mteja mmoja, nikawapitisha wote kana kwamba mashine ni moja tu. Wakaenea. Hata muda ukabaki.

Nilijiona meneja, nikaandika kwenye karatasi: mashine moja inatosha.

Mama Njeri aliisoma karatasi mara tatu, akaitia kwenye mkoba wake wa kanisa. Akaamua mashine ya nyuma iende Kibera, upande wa Ayany, ambako dada yake ana chumba. Mama Awuor haendi nayo. Dada ana wafanyakazi wake.

Leo tulijaribu. Ya nyuma ikazimwa. Hadi saa tano mambo yalikuwa shwari, nikawa natembea mikono mgongoni. Kisha mtu akaleta omena. Aliyemfuata alikuwa na mahindi.

"Hii mashine mmeosha?" aliuliza, akinusa.

Ikabidi kuifungua, kuipangusa, kupitisha pumba mara mbili. Robo saa. Omena nyingine ikaja, tukaanza upya. Kufikia saa sita foleni ilikuwa barabarani, na watu walikuwa wanabeba madebe yao kuelekea visiagi vya Riruta.

Mama Awuor alikuwa amekalia gunia, ametulia. "Prof, kwa hizo punje zako uliweka samaki?"

Watu walicheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Sikuhesabu kuosha. Kwa mashine mbili hakuna aliyewahi kuosha kitu. Nilipima kisiagi chenye Mama Awuor, kisha nikamtoa nikidhani vingine vyote vitabaki vilevile.

Nilingoja Mama Njeri anikaripie. Akanipigapiga begani. "Ni siku ya kwanza tu, watazoea. Si karatasi yako imesema moja inatosha?" Pikapu ya kuibeba mashine inakuja kesho saa mbili asubuhi.

Ananiamini kuliko foleni aliyoiona kwa macho yake. Na mimi, niungame, nilimwacha aamini hivyo. Nililipenda lile neno, "karatasi yako".

Jioni hii nimerudia hesabu nikiweka dakika za kuosha. Mashine moja haitoshi. Labda omena ipewe siku yake, ndipo moja itoshe. Hapo ningeonekana nilijua tangu mwanzo, na Mama Awuor angekuwa nje vilevile. Nimelifikiria hilo muda mrefu kuliko inavyofaa.

Halafu nikampigia Mama Njeri, nikamwambia nimekosea. Akapunguza redio yake.

"Na hesabu hii mpya ikikosea pia?"

Akasema nifike kabla ya pikapu, niyaseme hayo mbele ya Mama Awuor, ndipo yeye aamue.

Saa moja nitakuwa mlangoni. Nikichelewa, nitakuwa nimechelewa makusudi. Nimeliandika hapa nisije nikajidanganya.