Kidole cha Mama Mkwe

Mpuguso, Tukuyu
9 Juni 1996

Kwako wifi yangu mpendwa Prisca,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Morogoro, na kile kikohozi chako kimekuachia. Sisi tunaendelea vizuri kiafya. Lwitiko ametimiza miezi mitatu, ameanza kucheka.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeuliza kwa nini mama alirudi Matwebe kabla ya wakati, na kwa nini kaka yako haendi kumwona. Nimekaa na kalamu siku nne nikishindwa pa kuanzia.

Lwitiko alipofikisha wiki mbili, jicho lake la kushoto lilianza kutoa machozi hata asipolia. Asubuhi kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo. Mama, aliyekuja kunitunza baada ya kujifungua, alikuwa ananawa kwa sabuni, anampakata, kisha anakandamiza kwa kidole kwenye kona ya jicho, karibu na pua, na kukiteremsha polepole. Asubuhi na jioni. Nilipomuuliza, alisema alifundishwa na nesi wewe ulipokuwa mchanga. Sikumwamini. Mtoto alikuwa akilia kila akiguswa, nami roho ikiniuma.

Alipoingia mwezi wa pili, jicho likavimba ghafla, likawa jekundu. Ackson alirudi kutoka kiwanda cha chai, akauliza mtoto amefanywa nini. Nilimwambia mama yake anamfinya kila siku. Wifi, sijawahi kumwona kaka yako akiwa vile. Alimwambia mama afungashe vitu vyake. Mama alinitazama mimi, si yeye, akachukua mfuko wake, akaondoka bila kujitetea.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Dakta Fulgence alieleza kuwa machozi yana kinjia cha kushukia puani, na cha Lwitiko kimeziba tangu kuzaliwa. Kwa watoto wengi kinafunguka kabla ya kutimiza mwaka, ila kinahitaji kusaidiwa. Akanawa mikono, akaweka kidole pale pale karibu na pua, akakiteremsha polepole. Ndivyo hasa mama alivyokuwa akifanya. Ackson akauliza kama kukanda hivyo kunaweza kuvimbisha jicho. Daktari akasema hapana, jicho hili limeunguzwa na dawa, nani alitia? Mume wangu akanigeukia. Nikasema sijui. Tangu siku hiyo akawa anaamini mama alitia dawa ya majani.

Wifi, dawa nilitia mimi. Siku hizi maduka ya dawa yamefunguliwa kila kona pale mjini, unaingia, unataja ugonjwa, unapewa. Nilitaja jicho, nikapewa kichupa chenye maandishi nisiyoyaelewa. Nilitia mara mbili, mama akiwa nje anaosha nepi. Baadaye nilikipeleka kwa daktari peke yangu. Alikisoma, akaniambia hii ni ya masikio.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Matwebe na mtoto mgongoni. Nilipiga magoti, nikaanza kueleza. Mama akanikatiza. “Nilikuona kutoka mlangoni ukimtia dawa,” alisema. “Ningesema, Ackson angekurudisha kwenu Lufingo. Huyu angenyonya kwa nani?” Wiki zote hizo majirani wanamwita mharibifu wa mjukuu wake, naye anajua, na amekaa kimya kwa ajili yangu.

Leo asubuhi nimemweleza Ackson yote. Alivaa koti akashika njia ya Matwebe, na mpaka naandika haya hajarudi. Sijui ataniambia nini.

Jicho limepona, na daktari anasema linaona vizuri. Machozi bado yanatoka kidogo, namkanda kama mama alivyokuwa akifanya. Ukiona bado nastahili kuitwa wifi yako, niandikie. Usipoona hivyo, mwandikie mama, anakuulizia sana.

Nifikishie salamu kwa shemeji, na wanao uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi niliyewakosea,
Tusekile