Maji Pande Zote

Jumatatu, 9 Septemba 1974

Darasa la watu wazima tena. Magoti ya wakubwa yanagonga madawati ya watoto. Tangu Serikali itangaze Kiswahili kuwa lugha ya taifa, nimepewa kazi ya kuwafundisha watu wa ofisi ya gombolola, yaani tarafa, hapa Ludara kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya kazi yangu ya mchana ya kufundisha watoto. Chifu, karani wake, askari wa ofisi, bwana mifugo. Hakuna hata mmoja anayesoma akiwa nyumbani.

Leo "kiti changu". Tumerudia mpaka koo limenikauka. Wote wakaitikia vizuri, kwa pamoja, kama kwaya. Tulipotoka nje chifu akamwita askari: "Wewe, leta kiti yangu!"

Nimechoka.

Alhamisi, 12 Septemba

Ajabu. Leo mwanafunzi ameuliza swali, na mwanafunzi mwenyewe ni chifu.

"Mwalimu, kisiwa maana yake nini? Sema polepole, mimi naandika."

Nilikaribia kumkumbatia. Nikamwambia: kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Akaandika kila neno. Nikaendelea, maana nikipewa nafasi sijui kunyamaza. Nikaeleza kwamba wenyeji wa pwani wana neno "siwa", ni kisiwa kikubwa, kwa hiyo kisiwa chenyewe ni siwa dogo. Akainua kalamu.

"Kidogo namna gani? Kama shamba moja?"

"Hata kama uwanja wa shule, mheshimiwa."

Akacheka na kufunga daftari. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Huenda kazi hii ina maana baada ya yote.

Jumamosi, 14 Septemba

Soko la Koboko. Sukari hakuna, sabuni hakuna, chumvi ipo kwa kunyang'anyana. Nilikwenda kutafuta mafuta ya taa, nikarudi na maneno.

Swali la chifu halijanitoka kichwani. Nikamwuliza Papa Anzelo, Mkongo anayeuza vitenge karibu na kituo cha malori, kwao wanaitaje kisiwa. "Ku kwetu mutu anasema esanga," akasema. "Mutu anaikala pale, anavua samaki, hakuna anayemusumbua." Fundi cherehani wa jirani yake, mkimbizi kutoka Sudan, akasema jezira. Dereva mmoja, Mganda wa kusini, akasema kwao ni ekizinga, akazungusha kidole hewani kuonyesha kitu kilichozungushiwa. Hilo nimelipenda. Ni ndugu wa kuzingira, nadhani.

Nimewaza njiani kote. Maneno yote haya yamefika Koboko kwa miguu au juu ya lori, pamoja na askari na wafanyabiashara. Hakuna hata moja lililokuja kwa maji. Mimi mwenyewe, Mlugbara wa Ayivu, ninafundisha neno la kisiwa na sijawahi kukanyaga kisiwa hata kimoja.

Jumanne, 17 Septemba

Nimepigwa na butwaa. Hapana, nimekasirika. Hapana, naona aibu. Yote matatu.

Mama Poni alikuja shuleni asubuhi, wanafunzi wangu wakiwa mstarini. Ni mjane, shamba lake la mihogo liko chini kwenye kona ya mto, pale mto unapojipinda kama kiwiko. Nampitia kila siku nikienda kazini. Mvua za Agosti zilikata njia mpya, zikapita moja kwa moja shingoni mwa ile kona. Sasa mkono wa zamani wa mto unazunguka shamba upande mmoja na mkono mpya unapita upande wa pili. Kuvuka kwenda kupalilia anatumia gogo.

Chifu amemwita ofisini na kumsomea kutoka kwenye daftari lake: nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Halafu akamwambia visiwa vyote ni mali ya Serikali. Kwa hiyo shamba si lake tena. Sajenti mmoja wa jeshi, shemeji wa chifu, anataka udongo wa pale achome matofali.

"Mwalimu, wewe nasema nini kwa chifu? Wewe nasema muhogo yangu iko kisiwa?"

Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Alhamisi, 19 Septemba

Baada ya darasa nilimfuata chifu. Nikamwuliza, kwa heshima zote, sheria ya visiwa kuwa mali ya Serikali inapatikana wapi.

"Iko," akasema.

Wapi?

"Iko Arua."

Kisha akanishika bega, kwa upole kabisa, akasema mimi ni mwalimu mzuri sana. Mdomo wangu ndio ulioniponza. Nani alinituma kutaja uwanja wa shule?

Jumatatu, 30 Septemba

Arua. Nimeomba ruhusa, nimesingizia jino. Nimelala kwa mama yangu, huko Ayivu. Asubuhi nikaingia mjini kwa baiskeli ya ndugu yangu, mnyororo umekatika mara mbili.

Ofisi ya kwanza wakanipeleka ya pili. Ya pili wakanipeleka kwa mtu ambaye amekwenda mazishini. Ya tatu wakanirudisha ya kwanza, ambako yule karani alinitazama kama hajawahi kuniona maishani. Hakuna anayeijua sheria hiyo, na hakuna anayethubutu kusema haipo. Kila mtu akisikia neno sajenti anaanza kupanga makaratasi yake upya. Mwisho mzee mmoja, nyuma ya meza isiyo na kitu, akaniuliza: "Mwalimu, huku West Nile kisiwa iko wapi?"

Nikamwambia kipo kimoja. Mimi ndiye niliyekitengeneza.

Nilimweleza mama kisa chote nikiwa nakula. Nikamwuliza kwetu tunaitaje kisiwa. Akafikiri, akasema ni ardhi tu, iliyo na maji kando yake. Kwani maji yakija ardhi hubadilika kuwa nini?

Ijumaa, 11 Oktoba

Chifu ametangaza: tarehe 8 Novemba atashuka mtoni na wazee na sajenti kukagua. Akiona maji pande zote, shamba linachukuliwa siku hiyo hiyo. Mihogo itang'olewa.

Mihogo haijakomaa. Mtu yeyote anayepita pale anaona.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani nimekaa nyuma ili nisionane na Mama Poni. Akanivizia mlangoni. Ananifuata kila mahali na maswali. Kisiwa kinaanza wapi? Gogo lake je, si njia? Kama mtu anavuka bila kulowa miguu, bado ni kisiwa? Nimemjibu, nimemjibu tena. Gogo halihesabiwi. Daraja halihesabiwi. Ni maji, Mama Poni, maji tu.

"Na kama upande moja hakuna maji?"

"Basi si kisiwa!" nikasema, kwa sauti iliyowafanya watu wote waliotoka ibadani wageuke. "Upande mmoja ukikauka, kimekufa! Sasa niache nipumzike!"

Akasema "Kumbe," akaenda zake.

Nimemfokea mjane mlangoni mwa kanisa. Wiki njema hii.

Jumatatu, 28 Oktoba

Chifu darasani amesoma maana ya kisiwa kwa sauti, bila kuulizwa, bila kosa hata moja. Ngeli zote sahihi. Mwezi wa pili namfundisha na hiyo ndiyo sentensi pekee aliyoishika.

Mto umeanza kupungua, ila kidogo sana. Mkono mpya bado unanifika gotini. Nimepima mwenyewe kwa kuvuka, suruali nimeikunja, na watoto wa shule wamenicheka.

Jumatano, 6 Novemba

Mama Poni anapika kwete. Mitungi mizima. Harufu ya mtama uliochachuka inafika mpaka barabarani. Amebakiza siku mbili anyang'anywe shamba, naye anatengeneza pombe! Nimempitia nikamwambia kama ni ya kumlainisha chifu anapoteza mtama wake. Akanipa kikombe nionje. Nzuri, lazima niseme kweli. Nikaondoka na hasira zangu na kikombe cha pili.

Ijumaa, 8 Novemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu. Mikono bado inanuka tope.

Nilishuka mtoni mapema, kabla ya chifu. Nikasikia vicheko kabla sijafika. Wanawake wa kijiji kizima walikuwa ndani ya ule mkono mpya, nguo wamezifunga viunoni. Juu, pale maji yanapoingia, wameziba kwa udongo, mawe na majani. Chini wameziba tena. Katikati wanateka maji kwa makarai na vibuyu na kuyamwaga nje, na kambare wanarukaruka kwenye tope.

Hii naifahamu. Wanawake wa huku hufanya hivi kila mwaka kutafuta samaki, lakini ni Januari, mto ukiwa umekonda. Leo ni Novemba. Kambare bado wadogo, na wanawake walikuwa wakimlalamikia Mama Poni huku wakiteka. Lakini wamekunywa kwete yake. Ukinywa kwete ya mtu umekubali kazi yake, hakuna kurudi nyuma. Ndivyo wanavyolima mashamba yao huku.

Nikasimama ukingoni kama mlingoti. "Upande moja," akaniambia Mama Poni kutoka kwenye tope, wala hakuacha kuteka.

Halafu wakaniona wengine. Siku ya kuteka, mto ni wa wanawake. Mwanamume akifika ukingoni achukue karai au aondoke. Ndiyo desturi. Shemeji yake Mama Poni, mama mmoja mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akanirushia karai. "Mwalimu, viatu toa!"

Nikavua. Niliingia kwenye tope mpaka mapajani. Mgongo unaniuma hadi sasa. Walinicheka namna ninavyoshika karai, namna ninavyomwaga maji yakarudi humo humo, namna nilivyomkwepa kambare. Sijawahi kudhihakiwa vile tangu chuoni.

Maji yalikuwa karibu kwisha chifu alipofika. Alibaki juu ya kilima na wazee wake. Sajenti akaanza kushuka, na yule mama mnene akamwinulia karai. Sajenti akasimama. Akarudi juu. Amevaa buti zilizong'arishwa na sidhani kama ni buti tu zilizomzuia. Mama yake mzazi alikuwa ndani ya tope pamoja nasi, akimtazama.

Chifu akafungua daftari. Akasoma. Nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Akatazama mto wa zamani, maji. Akatazama huku, tope, samaki, wanawake, na mimi.

"Mwalimu! Hii bado iko kisiwa?"

Wote wakanigeukia. Nina kazi moja, mshahara mmoja, na siku hizi mtu hamjibu hovyo mwenye shemeji jeshini. Nilitamani mto unibebe. Mama Poni hakuniangalia. Aliendelea kuteka, na karai lake lilikuwa linakwangua tope tupu.

Nikasema: "Hapana, mheshimiwa. Si kisiwa. Upande huu hauna maji."

"Mvua itarudi."

"Ikirudi ni siku nyingine. Leo si kisiwa."

Nikainama nikateka karai la tope.

Wazee wakaanza kuulizana kwa Kikakwa, lugha ya huku, mmoja akacheka, akajaribu kuficha kicheko kwa kukohoa. Chifu akafunga daftari polepole. Mama Poni akatoka na kambare wawili kwenye majani, akampandishia kilimani kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akawapokea. Angefanyaje? Mtu akishapokea samaki wa siku ile hawezi kugombana na waliowavua, na pale kilimani kila mtu alikuwa anatazama mikono ya chifu.

Wakaondoka. Kesi haikutajwa.

Nimerudi bila viatu. Kimoja kimepotea kwenye tope la ukingoni. Vilikuwa vipya, nimekasirika, na siwezi kuacha kucheka.

Jumatatu, 11 Novemba

Chifu amekuja darasani. Nilidhani hatakuja. Alikaa mahali pake, akanitazama miguuni, akaona kandambili.

Tumerudi kwenye "kiti changu". Amekosea tena. Nimesahihisha tena.

Jumapili, 18 Mei 1975

Mvua zimerudi tangu Aprili. Udongo ule wa wanawake umechukuliwa wote, mkono mpya umejaa, maji yanazunguka shamba kama zamani. Sajenti alihamishiwa kambi ya mbali kabla ya Pasaka, amejenga huko huko. Chifu hupita njia ya juu kwenda ofisini. Anaona. Hajauliza.

Mchana Mama Poni aliniita kula mihogo mipya. Nimevuka kwa gogo, nimeteleza, nimelowa mguu mmoja. Alikuwa ameichemsha pale pale shambani, na kambare mkavu pembeni. Tulikaa tukisikiliza maji pande zote.

Nikaona ni wakati mzuri. Nikamweleza habari za siwa, na esanga, na jezira, na yule dereva aliyezungusha kidole. Alisikiliza vizuri huku akimenya. Mwisho nikamwuliza yeye mwenyewe mahali hapa anapaitaje.

Alinitazama kama nimemwuliza jina la mkono wake.

"Hii iko shamba, Mwalimu. Kula."

Nikala.