Mchezo wa Kijapani Umefika Usoke, Kaka Mihambo

Kaka Mihambo,

Shikamoo. Mkono ninaoandikia umeunga vibaya pale kwenye kifundo, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Waliuvunja siku ileile waliyokuua.

Kifurushi chako kimefika. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kabla ya mama, kabla ya mvua, kabla ya tumbaku. Kilikuja kwenye sanduku la posta la kanisa pale Tabora, tukiwa tumeshaondoa matanga, na mchungaji akapanda nacho treni hadi hapa. Stempu zina ndege wenye miguu mirefu. Jina lako limeandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mama alipoliona alikaa chini palepale mlangoni akapiga ukunga, majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa tena.

Msibani kwako watu walisema uongo mwingi. Walisema ulikuwa mpole. Kaka, hukuwa mpole. Ulirudi kutoka vita vya Uganda na mikono isiyojua kutulia. Kwenye foleni ya sukari ulimpiga Masanja kwa sababu kikapu chake kilikugusa mgongoni, ukaendelea kumpiga akiwa ameshaanguka, na meno yake tukayaokota mchangani. Ulimzaba baba kibao mbele ya wageni. Mimi uliponijia niliinama, ngumi yako ikatoboa mlango wa jikoni, nawe ukabaki unautazama mkono unaovuja damu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kesho yake ulinikuta nachambua mchicha ukaniambia habari ya ile nyumba kule Uganda, mliyoirushia bomu la mkono mkidhani ndani kuna askari. "Kulikuwa na bibi na mbuzi, Kalunde. Bibi na mbuzi tu." Hukulirudia tena neno hilo.

Kisha ukapata kazi ya udereva kwa wale Wajapani wa visima, kule Choma. Tulishukuru umekwenda mbali. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama alilala usingizi.

Ulirudi likizo ukiwa na kitu mfukoni. Nilidhani ni bastola, nikawasukuma watoto nyuma yangu. Kumbe ni kidude chembamba, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye kioo na vitufe. Bwana Keni, yule fundi ambaye jina lake halisi lilitushinda wote kulitamka, alikuwa amekuazima. Ulitukalisha nje juani, maana kivulini picha hazionekani, ukatuonyesha. Kijimtu kimebeba figili kichwani, figili kubwa kuliko chenyewe, kinatoka kijiji kimoja kwenda kingine. Njiani kinakutana na mazimwi: moja lina sura ya chungu, jingine lina miguu ya kuku. Kijimtu hakina upanga wala fimbo. Kinapiga magoti, kinacheza, kinatoa ulimi, mpaka zimwi linacheka, na likicheka linapisha.

Ulipiga kelele kama mtoto. "Huyu ni Mnyamwezi kabisa! Babu alibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka pwani, huyu anabeba figili!" Baba, ambaye hakuwa amesema nawe tangu kile kibao, alisogeza kigoda akasema, "Hebu nione huyo mpagazi." Niliingia jikoni nikalia.

Mchezo ule ulikuwa mfupi, vijiji vitatu tu, ukimaliza unaanza upya. Lakini Bwana Keni alikuwa na gazeti la kwao lenye picha ya mwingine uliokuwa unatengenezwa: safari nzima, kijimtu na wenzake, mito, masoko, mazimwi yanayosema. Utauzwa Japani kwanza, alikuambia. Nchi za nje baadaye, wakishauwekea Kiingereza. Baadaye lini? Hakujua. Visima vilipokwisha akachukua kidude chake akaenda kwao, akaahidi kwamba siku mchezo mpya utakapotolewa nje ya Japani atakununulia wako na kuutuma.

Ukarudi Usoke, ukaanza kungoja. Kila mwezi ulipanda treni kwenda Tabora kuangalia posta. Ulinijia shuleni watoto wakishatoka, ukajikunja kwenye dawati la darasa la pili, magoti yamefika kidevuni, ukataka nikufundishe Kiingereza ili zimwi likisema usishindwe kulijibu. Ulikuwa mwanafunzi mbishi. Ulitaka kujua kwanza namna ya kusema, "Tupishe, tuna safari." Ulikisia sura za mazimwi mapya, ukayachora ubaoni kwa chaki yangu ya serikali, ile niliyokuwa nahesabiwa. Watu walikucheka. Sukari hakuna, sabuni hakuna, askari mzima anangoja mwanasesere! Masanja mwenyewe, siku ya pombe, alithubutu kukwambia hivyo usoni. Niliweka ndoo chini nikangoja ngumi. Ukamwelezea lile zimwi la miguu ya kuku, ukasimama ukautembea mwendo wake, hadi Masanja akacheka kwa lile pengo ulilomtoboa wewe.

Sijui kama ulikuwa umepona. Nasema tu nilichokiona.

Siku yenyewe. Sijapata kuiandika.

Sukari ya duka la kijiji ilikuwa imepotea, magunia si gunia. Aliyeshika ufunguo ni Kapela, kaka wa mume wangu, na watu walikuwa wameanza kumnong'ona. Asubuhi hiyo akaja Erasto, yule kijana Mrundi wa kambi ya Ulyankulu anayeuza maharage stesheni. Kapela akamnyooshea kidole. "Mwizi ndiye huyu! Mkimbizi huyu!" Hakuna aliyeuliza magunia ya sukari mtu anayabebaje mgongoni. Yowe likapigwa. Nilikuwa darasani, nikatoka na chaki mkononi, nikawakuta wamemlaza Erasto kando ya reli, wanampiga kwa mipini ya majembe na mawe ya reli. Sauti ya jiwe likipiga kichwa cha mtu, wewe uliijua, mimi sikuwa naijua. Jicho lake moja lilikuwa limeshatoka. Baba za wanafunzi wangu, kaka. Watu ninaokaa nao benchi moja kanisani.

Niliingia katikati nikiita majina yao. Mpini ukanipiga kifundoni, nikasikia mfupa ukikatika.

Treni ya Tabora ilikuwa imesimama, nawe ukashuka, mikono mitupu, posta hamna kitu. Nilikuona unakuja mbio na nikafurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu nilijua utawaua. Ulimnyang'anya mmoja panga. Nikasema moyoni, sasa! Ukalitupa ng'ambo ya reli. Ukapiga magoti juu ya Erasto, ukamfunika kwa mwili wako, ukainua kichwa ukasema kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili, "Basi, ndugu zangu. Basi. Amekufa huyu, basi." Hakuwa amekufa. Ulitaka waondoke.

Wengine waliacha. Niliwaona wakishusha mikono. Kapela hakuacha. Alikuwa na mtaimbo. Alikupiga ukiwa umepiga magoti, na akakupiga tena ukiwa umelala.

Tulikupakia kwenye lori la tumbaku kwenda Tabora. Kichwa chako kilikuwa mapajani kwangu na nilikishika kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa unaning'inia tu. Kila lori liliporuka kwenye shimo nilihisi vitu vikisogea mahali ambapo havipaswi kusogea. Uliniuliza kama kijana yu hai. Nikasema ndiyo. Ukasema, "Vizuri." Nilidhani utasema neno jingine, nikawa naingoja midomo yako njia nzima. Tulifika Tabora umeshakata roho.

Yaliyotokea baadaye ni haya. Erasto anaishi, ana jicho moja. Kapela alikamatwa, akatolewa kwa dhamana, akarudi kukaa barazani kwake akimenya karanga. Nilipopita akanisalimu, "Mwangaluka, shemeji." Nilikwenda nyumbani nikachukua panga la kukatia tumbaku. Mchana kweupe, nikavuka kijiji nalo, na wote walioniona waliingia ndani. Kapela hakukimbia. Alisema, "Nikate, kisha ukawaeleze wanangu." Mwanawe mdogo alikuwa ameketi hapo, mdomo umejaa karanga. Nililiinua. Nilitaka, kaka. Niliiona shingo yake na nilijua pa kupiga. Nikakata nguzo ya baraza, nikaikata tena na tena mpaka paa likainama, na mume wangu Yohana akaja akanikumbatia kwa nyuma akanibeba kama gunia. Mkono mbovu ukavunjika upya, ndiyo maana umepinda.

Kifurushi kilifika baada ya hapo. Mama alitaka tukizike kaburini kwako bila kukifungua. Nilikataa. Mtu aliyengoja namna ile, lazima kitu chake kifunguliwe. Ndani kulikuwa na kidude kipya na karatasi ya Bwana Keni, kwamba mchezo umetoka nchi za nje hatimaye, na kwamba ujihadhari na zimwi la daraja la pili. Hajui. Sijamwandikia.

Nikauwasha juani. Kusema kweli nilikasirika. Ulisubiri hiki? Picha ndogo, mlio kama wa nyenje. Zimwi la kwanza tu lilinimeza nikataka kukipiga kidude ukutani. Lakini baba alikaa karibu yangu, nikawa namtafsiria. Lile la daraja la pili, kaka, linalia. Ni zimwi kubwa, limekaa darajani linalia kwa sababu limepoteza kiatu, na kijimtu kinavua kiatu chake kinalipa, na kiatu chenyewe hakiliingii hata kidole. Tulicheka mimi na baba hadi mama akatoka kutukemea, nyumba ya msiba na mnacheka. Kisha naye akataka kuona. Hatujafika mwisho. Ni mrefu, mrefu kuliko ulivyokisia.

Kesi inasikilizwa kesho Tabora. Usoke nzima wanasema hawakuona. Kila mtu alikuwa shamba siku ile. Erasto atasimama, lakini wameshaanza kusema mkimbizi atasema lolote. Nimebaki mimi. Jana Yohana aliniambia polepole, bila ugomvi, "Ukimtaja ndugu yangu, usirudi kwangu." Nampenda, nawe unajua. Nimekunja nguo zangu nikazipeleka kwa mama.

Kaka, lala sasa. Sitashika panga tena, hilo nakuahidi, ingawa usiniulize mikono inataka nini. Na nakuahidi kwamba kesho nitamtaja Kapela kwa jina lake na la baba yake, na mtaimbo, na pigo la kwanza na la pili, kwa sauti yangu ya darasani inayofika dawati la nyuma kabisa. Wakiniambia nirudie, nitarudia.

Kwaheri, Mihambo.

Mdogo wako,
Kalunde